Quebec, Machi 1989: Dakika Moja Iliyozima Jimbo Zima

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya 13 Machi 1989, saa 8:44 kwa saa za huko, gridi ya umeme ya jimbo la Quebec nchini Kanada ilikuwa inapeleka takriban megawati 21,500. Saa 8:46 haikuwa inapeleka kitu. Watu milioni 6 walikosa umeme, wengi wao wakiwa wamelala, na wengi waliukosa kwa zaidi ya saa tisa. Hakukuwa na upepo ulioangusha nguzo, wala barafu iliyokata waya, wala bwawa lililokauka. Hakuna fundi aliyebonyeza kitufe kisicho chake.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa kwa pumzi moja: jua lililipuka, Quebec ikazimika. Si uongo. Ila usimulizi huo unaruka sehemu yote ya katikati, na ukiiruka utaondoka ukidhani kwamba jua likikohoa kila kitu duniani kinaungua. Kwa maoni yangu, jua lilileta usumbufu ambao vifaa vikubwa vya gridi ile viliumudu. Kilichoangusha gridi ni mitambo iliyowekwa kuitunza, ambayo ilijizima kwa sababu ilikuwa imepangiwa kujizima mapema mno.

Kilichotoka juani

Mapema mwezi ule, kundi kubwa la madoa meusi lilijitokeza ukingoni mwa jua. Wanaastronomia walilipa namba 5395. Tarehe 6 Machi likatoa mlipuko wa daraja la X15 (X ndiyo ngazi ya juu kabisa), na wala huo sio uliozima Quebec. Tarehe 10 Machi ulitokea mwingine wa X4.5, mdogo kuliko ule wa kwanza, lakini wakati huo kundi la madoa lilikuwa limezunguka na kukaribia kuielekea dunia.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, hata kwenye habari za kila siku. Mlipuko wa jua hutuletea vitu vitatu kwa nyakati tofauti. Mwanga wake mkali wa eksirei na urujuanimno hufika baada ya dakika 8 hivi na kuvuruga redio za mawimbi mafupi upande wa dunia wenye mchana. Chembe zenye kasi kubwa hufuata, zikisumbua setilaiti na wanaanga walioko nje. Cha mwisho, kama kipo, ni wingu kubwa la plazma (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme) linalobeba sumaku yake lenyewe, nalo huchukua siku moja hadi tatu kuvuka kilometa milioni 150. Gridi za umeme zina shida na hicho cha tatu. Daraja la mlipuko, ile X inayopamba vichwa vya habari, halikuambii kama wingu limetoka, limeelekea wapi, wala sumaku yake imekaa vipi.

Kukaa kwa sumaku hiyo ni jambo kubwa kuliko ukubwa wa wingu. Ikielekea kaskazini, uga wa sumaku wa dunia hulikinga wingu kwa sehemu kubwa. Ikielekea kusini, sumaku mbili hizo huungana na nishati ya wingu humiminika ndani.

Kwa miaka mingi kisa cha Quebec kilielezwa kama kazi ya wingu moja. Mtaalamu wa Kanada David Boteler aliporudia kumbukumbu zote miaka 30 baadaye alionyesha kwamba yalikuwa mawili: la mlipuko wa tarehe 10, na jingine la mlipuko wa wastani wa tarehe 12. La kwanza liligonga saa 2:27 usiku kwa saa za Quebec. La pili liligonga saa 8:43, likakuta uga wa sumaku wa dunia umekwisha kuvurugwa kwa saa sita. Dakika moja au mbili baadaye gridi ilikuwa chini. Kwa hiyo mlipuko ambao haukustahili hata herufi X huenda ndio uliotoa pigo la mwisho.

Dhoruba hiyo ya sumaku hupimwa kwa kipimo kiitwacho Dst, kinachoonyesha kwa nanotesla uga wa sumaku wa dunia umedhoofika kiasi gani. Ilishuka hadi nanotesla 589 chini ya sifuri, rekodi ambayo haijavunjwa tangu kipimo hicho kianze kutunzwa mwaka 1957. Namba hiyo inatisha mpaka uiweke kando ya uga wenyewe wa dunia, ambao ni makumi ya maelfu ya nanotesla. Yaani ni badiliko la asilimia moja au mbili. Kwa umeme, ukubwa wa badiliko si hoja sana. Hoja ni kasi yake.

Mwamba, urefu na waya nene

Uga wa sumaku unapobadilika haraka, huzalisha msukumo wa umeme ardhini. Mahali penye udongo wenye unyevu au miamba inayopitisha umeme vizuri, msukumo huo hubaki mdogo. Sehemu kubwa ya Quebec imekaa juu ya Ngao ya Kanada, mwamba wa kale ambao ni mgumu kupitisha umeme. Huko msukumo hukua, na mkondo hutafuta njia rahisi zaidi. Njia rahisi ilikuwa imeshajengwa kwa chuma na alumini.

Hydro-Québec, kampuni ya umeme ya jimbo, ilikuwa ya kwanza duniani kujenga laini ya kibiashara ya kilovolti 735, mwaka 1965, kwa sababu mito yenye nguvu iko kaskazini na watu wako kusini. Mradi wa La Grande, karibu na ghuba ya James, ulifuata baadaye, na umeme wake ulisafiri karibu kilometa 1,000 kufika Montréal. Usiku ule La Grande ilikuwa inatoa karibu megawati 9,500, si mbali na nusu ya mahitaji yote ya jimbo, kupitia laini tano. Ongeza kwamba Quebec iko karibu na eneo ambalo mikondo ya angani ya dhoruba kama hizi huwa mikali zaidi. Ukimwambia mhandisi achague mahali pabaya pa kuweka laini ndefu za umeme, angechagua papo hapo.

Tufanye hesabu ya mkononi. Tuseme msukumo ni volti 1 kwa kila kilometa. Laini ya kilometa 1,000 inapata volti 1,000. Kwa laini ya volti 735,000 hiyo ni kama hakuna. Lakini waya za laini hizo ni nene na zimefungwa nne nne kwa kila njia, ili umeme usipotee, na ukinzani wake kwa safari nzima ni omu kumi na kitu tu. Volti 1,000 zikikutana na omu kumi na kitu, unapata makumi ya ampea kwa kila njia. Mikondo hiyo huingia na kutoka ardhini kupitia waya wa kati wa transfoma kubwa, ule uliounganishwa na ardhi kwa ajili ya usalama.

Hapa ndipo ubaya unapoanza. Umeme wa gridi ya Quebec hugeuza mwelekeo mara 120 kwa sekunde. Mkondo wa dhoruba hauna haraka hiyo. Unaweza kusukuma upande mmoja kwa dakika nzima. Chuma cha ndani ya transfoma kimetengenezwa kubeba sumaku inayokwenda na kurudi, na hakina nafasi kubwa ya ziada. Mkondo wa upande mmoja unakisukuma pembeni, kiasi kwamba katika nusu moja ya kila mzunguko chuma kinajaa na kushindwa kubeba zaidi. Transfoma iliyojaa hivyo hufanya mambo mawili kwa pamoja. Hunyonya nguvu nyingi isiyofanya kazi yoyote, na volteji ya laini ikaanza kushuka. Tena huchafua mawimbi ya umeme: badala ya mzunguko safi wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde, kila mmoja ukigeuza mwelekeo mara mbili), laini inapata hezi 120, 180, 240 na kuendelea. Wahandisi huziita hamoniki.

Mitambo saba

Laini ndefu kiasi hicho haiwezi kusimama yenyewe. Volteji hupanda mzigo ukipungua na hushuka mzigo ukizidi, kwa hiyo njiani kulikuwa na mitambo ya kutuliza volteji, yenye kapasita, koili na swichi za kielektroniki zinazofanya kazi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ilikuwa katika vituo vya Chibougamau, Albanel, Némiscau na La Vérendrye. Kazi yake ilikuwa hasa ile iliyohitajika usiku ule: volteji ikishuka, iisukume juu.

Lakini mtambo wenyewe nao unalindwa. Kapasita hupitisha hamoniki kwa urahisi kuliko hezi 60, na hamoniki zikizidi kapasita hupata moto. Kwa hiyo relei za ulinzi, yaani swichi zinazojiendesha zenyewe, zilipangiwa kuuzima mtambo zikiona hamoniki zinavuka kiwango fulani. Kiwango hicho kiliwekwa kwa kufikiria hitilafu za kawaida, zile zinazokuwa na kifaa kimoja kibovu mahali pamoja. Hakuna aliyefikiria hamoniki zinazotoka kwenye transfoma zote za mtandao kwa wakati mmoja.

Mtambo wa kwanza kujizima ulikuwa Chibougamau, na wa pili ukawa jirani yake katika kituo hicho hicho. Ikafuata minne ya Albanel na Némiscau. Wa mwisho ukawa La Vérendrye. Mitambo saba, chini ya dakika moja. Kila mmoja ulipoondoka, volteji ilishuka zaidi. Ni kama walinzi wa ghala wanaokimbia mmoja mmoja kila mmoja akifuata kanuni ya kuokoa nafsi yake, na hakuna aliyevunja kanuni yoyote.

Kwa mitambo yote kuondoka, laini za La Grande zilikosa cha kuzishika. Moja ikakatika, nyingine zikafuata ndani ya sekunde chache, na megawati 9,500 zikatengana na jimbo kwa mkupuo. Gridi iliyobaki ikajaribu kukata wateja ili mzigo ulingane na uzalishaji, kama ilivyopangiwa. Pengo lilikuwa kubwa mno. Ikaporomoka yote.

Muda haukutosha hata kwa mtu mwepesi kiasi gani. Chumba cha udhibiti kilikuwa kimehangaika na kupanda na kushuka kwa volteji saa kadhaa kabla, lakini tangu mtambo wa kwanza ujizime hadi mwisho ni muda wa kuinua simu na kueleza wewe ni nani.

Asubuhi ya Montréal, na kwingineko

Metro haikufanya kazi saa za watu kwenda kazini, uwanja wa ndege wa Dorval ulifungwa, shule na ofisi nyingi hazikufunguliwa. Baada ya saa tisa asilimia 83 ya umeme ilikuwa imerejea. Hasara haikuvuka kwenda New York kwa namna ile ile, kwa sababu gridi ya Quebec haiendi mapigo mamoja na za jirani. Imeunganishwa nazo hasa kwa njia za mkondo mnyoofu, usiogeuza mwelekeo, ambazo haziambukizi mporomoko.

Nchini Marekani yaliripotiwa matukio zaidi ya 200 ya usumbufu kwenye gridi. Setilaiti kadhaa zilipata matatizo. Anga ya juu ilipashwa joto na kutanuka, ikaongeza msuguano kwa vitu vinavyozunguka dunia, na mamia ya vitu hivyo havikuonekana pale vilipotarajiwa na waliokuwa wakivifuatilia. Mianga ya kaskazini ilionekana Florida na Kuba.

Je, relei zilikosea?

Pingamizi la haki kwa hoja yangu ni hili: kama mitambo isingejizima, si ingeungua? Na jibu la haraka la kuunga mkono pingamizi hilo liko New Jersey. Katika kinu cha nyuklia cha Salem, dhoruba hiyo hiyo iliharibu kabisa transfoma kubwa, koili zake zikiyeyuka kwa joto. Transfoma za aina hiyo haziuzwi dukani. Kutengeneza moja huweza kuchukua zaidi ya mwaka. Quebec ilikaa gizani saa tisa. Kuunguza vifaa kungeigharimu miezi.

Nakubali nusu ya pingamizi. Kujizima kuliokoa mitambo. Lakini uharibifu mkubwa uliotokea Quebec ulitokana na kujizima kwenyewe: La Grande ilipotengana ghafla na mzigo wake, volteji ilipanda kwa kishindo na kuharibu transfoma mbili za kituo cha La Grande 4, pamoja na kifaa kingine huko Némiscau. Na wahandisi walipokagua baadaye walikuta kwamba mitambo ya kutuliza volteji ingeweza kuhimili hamoniki zaidi ya kiwango kilichokuwa kimewekwa. Kulikuwa na nafasi kati ya kiwango cha kujizima na kiwango cha kuungua, na hakuna aliyeitumia.

Kuna ushahidi mwingine ninaouona kuwa mzito zaidi. Tarehe 30 Oktoba 2003, wakati wa dhoruba nyingine kubwa, mji wa Malmö nchini Uswidi ulizimika kwa muda usiofika saa moja, wateja karibu 50,000. Chanzo kilikuwa relei moja iliyokuwa nyepesi kupita kiasi kwa hamoniki ya hezi 150. Miaka 14 ilikuwa imepita tangu Quebec, bara jingine, kampuni nyingine, kosa la ukoo ule ule. Ukiwa na visa viwili tu vya gridi kuzimwa na jua katika kumbukumbu za karibuni, na vyote viwili vinaishia kwenye mpangilio wa relei, unaacha kulitazama jua peke yake.

Kilichobadilishwa

Hatua ya kwanza ya Hydro-Québec ilikuwa rahisi mno kwa jinsi tukio lilivyokuwa zito: viwango vya relei vilipandishwa. Ya pili haikuwa rahisi. Kapasita ziliwekwa katikati ya laini za kilovolti 735, mfululizo na waya wenyewe. Kapasita hairuhusu mkondo wa upande mmoja kupita, kwa hiyo mkondo wa dhoruba unafungiwa mlango, huku umeme wa kawaida ukipita. Kazi nzima iligharimu takriban dola bilioni 1.2 za Kanada, na si haki kuitwa gharama ya jua peke yake, kwa sababu kapasita hizo ziliimarisha laini dhidi ya hitilafu za kila aina. Ya tatu ni tahadhari: dhoruba ikitangazwa au ikipimwa, mzigo wa laini hupunguzwa ili kubaki na nafasi ya kuyumba.

Tahadhari ina kikomo ambacho hata leo hakijaondoka. Wanaastronomia wanaweza kuliona wingu likitoka juani na kukisia saa ya kufika, lakini uelekeo wa sumaku yake hupimwa kwa uhakika linapopita kwenye vyombo vilivyo kilometa milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua. Kutoka pale hadi kwetu ni kati ya dakika 15 na saa moja, kutegemea kasi. Mwaka 1989 hakukuwa na chombo kinachofanya kazi mahali pale. Kwa mitambo saba iliyojizima ndani ya dakika moja, dakika 15 ni utajiri, lakini kwa sharti kwamba uamuzi wa nini cha kufanya umeshaandikwa.

Tarehe 10 na 11 Mei 2024 dunia ilipata dhoruba ya ngazi ya juu kabisa, kali kuliko yoyote tangu 2003 ingawa hafifu kuliko ya 1989. Gridi hazikuanguka. Walioumia zaidi ni wakulima wa Amerika Kaskazini waliokuwa katikati ya kupanda, kwa sababu matrekta yao yanayojiendesha kwa vipimo vya setilaiti yalipoteza mstari. Na wale wanaosambaza picha za simu zilizoungua kila jua linapolipuka wangefaa kujiuliza: mkondo huu unahitaji waya wa mamia ya kilometa. Simu yako haina.

Bado kisa cha Quebec kinatupa mwanga upande mmoja tu. Kinaonyesha gridi inavyoanguka kwa kishindo, na watu wakikisoma hudhani kwamba gridi isiyozimika imesalimika. Baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, transfoma kadhaa kubwa nchini Afrika Kusini ziliharibika, nchi ambayo iko mbali na ncha za dunia na ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa salama. Usiku wa dhoruba wenyewe hazikuzimika. Mafuta ya ndani yalianza kutoa gesi za kuashiria joto lililozidi, karatasi ya kuhami koili ikachakaa, na zikaondolewa kazini wiki na miezi baadaye. Relei haioni uchakavu wa namna hiyo. Unaonekana kwa kuchota mafuta ya transfoma na kuyapima maabara kabla na baada ya kila dhoruba kubwa, na kulinganisha.